Kijito Kinapokauka
Somo: 1 Wafalme 17:2–9

Kontrakti ya uhasibu ya miezi mitatu ikiisha bila kuongezwa, wengine huja wakitaka tukemee roho ya kukataliwa. Kuomba tutaomba. Lakini soma tena: Kerithi ilikauka kwa kuwa nchi ilikosa mvua, sio kwamba Eliya alikosea. Ofisi za mahesabu huchukua watu wa muda kuelekea Juni 30, mwisho wa kupeleka ritani KRA. Julai kazi inapungua. (Nilisomea biashara, hiyo naielewa.)

Kinachoniuma ni yule ndugu anayevaa tai kila asubuhi, anaenda kuketi Nyayo Gardens mpaka jioni, mama watoto asijue. Ndugu yangu, mwambie leo. Eliya mwenyewe alitumwa Sarepta kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga, mtu mwenye shida zake.

Halafu dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inakupa haki hiyo ukiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Barua ya kukusifu si lazima wakupe. Cheti ni lazima. Kama kuandika barua ya kukiomba ni shida, njoo Jumanne baada ya maombi ya saa saba, tuiandike pamoja.