SOMO LA 22: NENO «RAFIKI»

Watoto, leo tutasoma hadithi ya kima na papa. Watu wa Unguja waliisimulia, na mwaka 1870 Edward Steere aliipiga chapa. Papa ni samaki mkubwa wa bahari, mwenye meno makali. Katika ziwa Tanganyika hayumo.

Hadithi

Kima mmoja alikaa juu ya mkuyu, kando ya bahari. Kila siku alikula makuyu, na mengine alimtupia papa. Papa alimwambia: «Asante, rafiki.»

Siku moja papa alisema: «Rafiki, panda mgongoni mwangu, twende kwetu. Umenilisha siku nyingi. Nami nataka kukupa zawadi.» Kima akapanda.

Walipofika mbali, papa akasema: «Sultani wetu ni mgonjwa. Dawa yake ni moyo wa kima.»

Kima akaogopa, lakini akafikiri upesi. Akajibu: «Mbona hukuniambia mbele? Sisi kima tukisafiri, tunaacha mioyo yetu mtini. Turudi tuutwae.»

Papa akasadiki, akarudi. Kima akaruka mtini, akanyamaza. Papa akaita: «Shuka, twende!» Kima akajibu: «Rafiki, nenda peke yako. Moyo wangu umo kifuani mwangu.»

Maelezo

1. *Mahali.* Mtini kima ana nguvu. Majini papa ndiye mwenye nguvu. Kwa hiyo kima alipopanda mgongoni, hatari ilianza, hata kabla papa hajasema neno la moyo.

2. *Wakati.* «Kila siku» yaonyesha desturi. «Siku moja» yaonyesha kwamba jambo jipya linaanza. Ukisoma maneno hayo, fungua macho.

3. *Maneno.* Neno «rafiki» limesemwa mara tatu. Mara ya kwanza papa anashukuru kweli, maana ameshiba. Mara ya pili anaficha shauri baya. Msimulizi hakusema: «Papa anadanganya.» Sisi wenyewe tunafahamu tukisikia habari ya sultani. Mara ya tatu kima anamcheka papa. Neno ni lile lile, lakini maana zake ni tatu.

Kumbuka

Usiulize tu: Neno hili lina maana gani? Uliza tena: Nani analisema? Wapi? Anataka nini?

Maulizo

1. Kwa nini kima hakuweza kukimbia alipopata habari ya sultani?
2. Ni maneno gani ya kima yaliyomwokoa?
3. Kwa nini kima alinyamaza kwanza aliporudi mtini?
4. Papa alisema uwongo, kima naye alisema uwongo. Je, makosa yao ni sawasawa? Eleza kwa nini.

Zoezi

Mwombe babu au bibi akusimulie hadithi moja. Andika neno moja linalorudi mara nyingi ndani yake. Kesho utawaeleza wenzako: nani alilisema, na kwa kusudi gani.