KUOSHA GARI NI ELIMU

Wako wengi miongoni mwetu wanaodhani kwamba kuosha gari ni kazi isiyohitaji elimu, bali maji na nguvu tu. Mimi nami nalikuwa mmoja wao, mpaka likizo ya Desemba nilipokwenda kwa mjomba wangu huko Tanga.

Mjomba ana gari jeusi, nalo lilitazamiwa kumchukua binti yake siku ya arusi, Jumapili. Ijumaa asubuhi nalitaka kumfurahisha. Nikatwaa ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia na kitambaa kikuukuu, nikasugua gari juani. Kitambaa kilianguka mchangani, nikakiokota nikaendelea. Gari lilipokauka, bodi nzima ilikuwa na mikwaruzo kama utando wa buibui. Mjomba hakunigombeza, alinitazama tu, na jambo hilo liliniumiza zaidi. Kesho yake akanipeleka kwa fundi wa kuosha na kung'arisha magari, akamwambia, "Mfundishe kijana huyu."

Nalikuta huko watu wawili, mwalimu na karani, ambao huja kila Jumamosi kujifunza kwa kupenda magari yao tu, si kwa kutafuta riziki. Nikamwambia Fundi, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Njoo uone ulichoharibu."

Alitueleza kwamba rangi ya magari ya siku hizi ina matabaka. Chini iko rangi ya msingi, juu yake rangi tunayoiona, na juu kabisa tabaka angavu linaloikinga. Tabaka hilo kwa kawaida halizidi sana milimita 0.05, yaani ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Mchanga nao, kwa sehemu kubwa, ni madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812. Kioo cha dirisha hakifiki 6. Basi mwenye kusugua gari kwa kitambaa chenye mchanga anasugua kwa msasa.

Haya ndiyo mafundisho yake:

1. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Juani maji hukauka upesi, yakaacha madoa.

2. Limwagiwe maji mengi kabla ya kuguswa, ili mchanga uondoke.

3. Ndoo ziwe mbili: moja ya sabuni ya magari, ya pili ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila mara. Sabuni ya kufulia ni alikali, nayo huondoa nta inayolinda rangi.

4. Anza juu ya paa, ushuke. Rimu na tairi ziwe na kitambaa chao mbali.

5. Pitisha kitambaa kwa mstari, bila kukandamiza. Kikianguka chini, kisirudi garini mpaka kifuliwe.

6. Kinyesi cha ndege kina asidi. Kiloweshwe kwanza, kisha kiondolewe upesi.

Nalimwomba Fundi aifute mikwaruzo yote. Akanijibu kwamba mkwaruzo haufutwi. Hupunguzwa tabaka la pembeni mpaka lilingane na shimo lake. Kwa hiyo kila kung'arisha ni kupunguza, na mwenye kuzidisha hufika kwenye rangi yenyewe. Tulifanya kazi mpaka jioni, mikono ikafa ganzi. Mkwaruzo mmoja mrefu, karibu na mlango wa nyuma, Fundi aliukagua kwa kucha akauacha. "Huu ni wa kina," alisema. "Afadhali ubaki kuliko kuitoboa rangi." Mwisho tukapaka nta ya kanauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende huko Brazil. Tulipomwaga maji, yalijikusanya matone matone yakateremka.

Jumapili bibi arusi alipanda gari linalong'aa, na watu wakalisifu. Mkwaruzo ule haukuonwa na mtu ila mimi na mjomba. Hata leo upo, nami nikifika kwake ndio ninaoutazama kwanza. Lakini siku ya kurudi shuleni mjomba alinipa ufunguo akasema, "Lioshe kabla hujaondoka." Nikaenda kutafuta ndoo mbili.

Wenzangu, kila kazi ina wenyewe walioisomea kwa mikono yao. Tuwaulize kabla ya kuharibu, maana kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne