Panda Kona Baridi Uone Wote: Vidokezo vya Kusoma Ramani kwenye Gemu

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Watuwie radhi, maana mchezaji mpya wa Mobile Legends, Dota 2 au League of Legends lazima aambiwe, tena kila dakika: tazama ramani! Wepesi wa vidole huchukua miezi. Ramani unaweza kuanza kuisoma leo jioni, hata ukiwa kwenye foleni ya matatu ya Kitengela. Twende kazi.

1. Ijue kona yake

Ramani ndogo ya Dota 2 iko chini kushoto, ya League chini kulia, ya Mobile Legends juu kushoto. Kwenye Dota 2 na League, ingia kwenye mipangilio uikuze. Kazi ya nusu dakika, na macho yako yatakushukuru.

2. Askari akianguka, tupa jicho

"Nitakumbukaje kutazama na huku napigana?" Swali zuri! Funga zoea jipya kwenye jambo unalolifanya tayari: kila unapommaliza askari mdogo wa adui, tupa jicho kwenye ramani mara moja, kisha rudi kazini. Na ukiuawa, usiweke simu chini ukatafute chai. Sekunde za kungoja kufufuka ndizo nzuri kuliko zote za kusoma ramani, kwani hakuna anayekukimbiza.

3. Hesabu hadi tano

Hiki ndicho kidokezo changu kipenzi. Timu ya adui ina watu watano. Ukiwaona watatu kwenye ramani, jiulize: wale wawili wako wapi? Mpaka utakapowaona, chukulia kwamba wanakuja kwako. Ndiyo, kwako wewe! Rudi karibu na mnara wako, endelea kukusanya dhahabu polepole. Hesabu hiyohiyo hukupa ujasiri pia: ukiona wanne wamejazana upande wa pili wa ramani, mbele yako yumo mmoja tu. Sukuma, bomoa mnara, ondoka kabla hawajafika.

4. Panda juu

Umewahi kusimama Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoanza kuteremka baada ya Kiserian? Upepo unakupiga, lakini Bonde la Ufa lote liko chini ya macho yako, na aliye kule chini hana habari nawe. Dota 2 inafuata kanuni hiyo: aliye mlimani humwona aliye bondeni, aliye bondeni haoni kilichoko juu. Kwa hiyo wadi ya Observer, kile kijiti kinachokuonyesha eneo kilipopandwa, ipande kwenye mwinuko. Duka huitoa bure, nayo hudumu dakika 6, basi isikae mfukoni!

Angalia pia saa. Dota 2 ina mchana wa dakika 5 na usiku wa dakika 5, na giza likiingia shujaa wa kawaida huona chini ya nusu ya alivyoona mchana. Panda wadi kabla jua halijazama, tena upite huko na mwenzako. Wanaokwenda peke yao gizani kupanda wadi ndio chakula cha adui.

5. Kichaka hakiaminiki

Mobile Legends haina wadi za kununua, kwa hiyo kichaka ndicho cha kuogopa. Kabla ya kuingia, rusha pigo moja ndani. Likimgusa mtu, umejua. Kama timu ina shujaa mgumu wa kuua, atangulie yeye. Wewe mwenye damu kidogo fuata nyuma bila haya.

6. Dhahabu 75 si hasara

Kwenye League, Control Ward inauzwa dhahabu 75, na inafichua na kuzima wadi za adui zilizo karibu nayo. Wanaoanza huiona ghali, wanakimbilia upanga. Piga hesabu basi: kifo chako kimoja kwa kawaida humpa adui dhahabu 300. Nunua!

7. Ukiona, sema

Adui ametoweka njia ya juu? Bonyeza ishara ya hatari, hata kama huwajui wenzako na huna maikrofoni. Mbonyezo mmoja unatosha. Ukibonyeza mara kumi watakuzima.

Usiyabebe yote saba usiku mmoja. Anza na namba 3, maana kuhesabu maadui hakuhitaji wadi, dhahabu wala simu ya bei kubwa. Fungua gemu, hesabu hadi tano, kisha mfundishe na rafiki unayecheza naye.