SOMO LA ROBO HII: Malengo Yanayowezekana Katika Mambo Tunayoyapenda



Tumezoea kupanga malengo ya visima na madarasa. Mapumziko yetu wenyewe tunayaachia bahati, na anayejitolea bila kupumzika mwishowe huchoka na kuacha kazi ya jamii. Kwa hiyo tujifunze kupanga hata haya.

Mwaka 1981 George T. Doran wa Marekani alipendekeza sifa tano za lengo zuri la kazi. Tatu zinatufaa hapa: lipimike, liwezekane, na liwe na muda.

Kushona blanketi la viraka. "Mwaka huu nitashonea nyumba nzima" ni tamaa, si lengo. Tufanye hesabu. Blanketi la mita 2 kwa mita 1.5, lenye viraka vya sentimita 25, linahitaji viraka 48 (8 kwa 6). Kila kiraka kikatwe sentimita 27, ili ibaki sentimita 1 ya mshono kila upande. Ukiunganisha viraka 2 kwa wiki, utamaliza kwa wiki 24. Ongeza wiki 8 za kutia bitana, na kwa ajili ya siku za mavuno, misiba na wageni. Anza na mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani. Usinunue kitambaa kipya kabla ya kumaliza hayo.

Kutazama maigizo. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kupanga safari moja kwa mwaka kwenda kwenye tamasha la sanaa Bagamoyo, na igizo moja la karibu kila robo mwaka. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula na kiingilio. Gawanya kwa miezi iliyobaki, kisha weka akiba kiasi hicho kila mwezi. Kikigusa ada ya shule au fedha ya unga, punguza lengo; usikope. Ulizia pia gari la kurudi kabla hujakata tiketi.

Lengo likikulemea, lipunguze badala ya kuliacha: viraka 2 viwe 1, maigizo manne yawe mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni nani kati yetu hajapumzika robo hii, na ni kazi gani tumpunguzie?
2. Andika lengo lako moja: kiasi gani, kwa gharama gani, hadi lini?
3. Nani atakuuliza maendeleo yako katika kikao kijacho?