Tangazo Ndani ya Simu: Nani Hushika Brashi?

Ukipita barabara kuu yoyote ya Kenya au Tanzania utaona maduka yaliyopakwa rangi ya kampuni ya soda au ya simu, ukuta mzima, kuanzia msingi hadi kwenye bati. Jina la mwenye duka limebaki pale juu ya mlango kwa herufi ndogo. Rangi ililetwa na kampuni, na fundi aliyepaka alitumwa na kampuni hiyo hiyo. Mwenye duka alitoa ukuta, na pengine alikuwa na sharti moja tu: dirisha la kuuzia lisizibwe. Tuuweke ukuta huo akilini, kwa sababu somo hili linahusu ukuta mwingine, mdogo wa kuenea kiganjani, ambao mwenyewe alikataa kumpa mgeni brashi.

Ukuta huo ni simu ya iPhone, na mwenyewe ni kampuni ya Apple ya Marekani. Huduma yake ya matangazo iliitwa iAd. Ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010 na ikafungwa tarehe 30 Juni 2016, miaka sita kamili. Ni kisa kinachofaa kusomwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kinaonyesha mambo ambayo leo yanamgusa kila mtu mwenye simu.

Tuanze na maneno. Tangazo la biashara ni ujumbe ambao mtu amelipa ili watu wengine wauone. Anayelipa tutamwita mwenye bidhaa, maana neno mtangazaji limeshazoeleka kwa yule tunayemsikia redioni. Mwenye bidhaa kwa kawaida hatengenezi tangazo kwa mikono yake. Huajiri wakala wa matangazo, yaani ofisi yenye wachoraji, waandishi na wapiga picha. Msanidi programu ni yule anayetunga programu za simu: mchezo, kamusi, gazeti, saa ya kuamsha. Na jukwaa ni ile simu pamoja na mfumo endeshi wake na duka lake la programu, vitu ambavyo wasanidi wote hujenga juu yake. Ni kama shamba la mtu mmoja ambamo wengi wamepewa ruhusa ya kulima.

Sasa tuulize: kwa nini programu iwe na tangazo? Watu wengi hawapendi kununua programu, lakini watapakua ya bure. Msanidi naye anahitaji kula. Hivyo huacha kipande kidogo cha kioo cha simu, kwa kawaida ukanda mwembamba chini kabisa, na kukikodisha. Ukanda huo tutauita nafasi. Kila tangazo linapotokea kwenye nafasi mbele ya macho ya mtu mmoja, hilo ni onyesho moja. Mtu akiligusa kwa kidole, huo ni mguso. Biashara nzima ya matangazo ya simu imejengwa juu ya kuhesabu vitu hivyo viwili.

Tarehe 8 Aprili 2010, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alifanya hesabu hii mbele ya waandishi wa habari. Mtumiaji wa kawaida hutumia dakika 30 kwa siku ndani ya programu. Akionyeshwa tangazo moja kila baada ya dakika 3, ataona matangazo 10 kwa siku. Kukiwa na vifaa milioni 100, hayo ni maonyesho bilioni 1 kila siku. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, na ndiyo maana ina nguvu: inatuonyesha kwamba thamani ya nafasi moja ni ndogo mno, bali idadi ni kubwa kupita kiasi.

Lakini Jobs aliona kasoro. Matangazo ya simu ya wakati ule yalikuwa mabaya, na ubaya wake ulikuwa na sababu ya kiufundi. Mtu akiwa katikati ya mchezo akagusa ukanda, mchezo ulifungwa na kivinjari cha intaneti kikafunguka mahali pake. Kurudi pale alipokuwa kulikuwa ni kazi. Akifanyiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu kidole hakigusi tena. Kwa hiyo ukanda ulikuwepo, maonyesho yalihesabiwa, ila miguso haikuja.

Dawa iliyotolewa na Apple ilikuwa kulifungua tangazo ndani ya programu ile ile. Siku hiyo Jobs alionyesha mfano wa tangazo la filamu ya Toy Story 3. Aligusa ukanda, tangazo likajaa kiooni, na ndani yake mlikuwa na vipande vya video, mchezo mdogo, na picha za kupamba uso wa simu. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya X. Ukiigusa, tangazo linatoweka na unajikuta pale pale ulipokuwa. Jobs alisema matangazo ya televisheni yana hisia, ya intaneti yana uwezo wa kumshirikisha mtu, na iAd ingeunganisha yote mawili.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo fundo la somo lilipo. Tangazo la gazetini ni picha. Picha hata ikiwa mbaya haiwezi kulichana gazeti. Tangazo la iAd lilikuwa programu ndogo ndani ya programu kubwa. Lilitungwa kwa teknolojia ya kurasa za wavuti iitwayo HTML5: sehemu moja hueleza kilichomo kwenye ukurasa, nyingine hueleza sura na rangi zake, ya tatu hueleza kitakachotokea kidole kikigusa. Programu ndogo ikitungwa vibaya itachelewa kufunguka, itaigandisha simu, na mtumiaji atamlaumu msanidi au Apple, si mwenye bidhaa. Kwa hiyo haja ya udhibiti haikutokana na kiburi peke yake. Ilitokana na umbo la kitu chenyewe.

Kulikuwa na tatizo la pili. Mawakala wa matangazo walikuwa wamezoea kwa miaka mingi kutengeneza matangazo ya kompyuta kwa teknolojia nyingine, Flash ya kampuni ya Adobe, na Apple haikuikubali Flash kwenye iPhone. Mafundi wengi walifika mlangoni wakiwa na zana ambazo mwenye ukuta hakuziruhusu ndani. Apple ikachukua uamuzi ambao haukuwa wa kawaida katika biashara hii: mwanzoni matangazo yatajengwa na Apple yenyewe. Wakala alete wazo, wahandisi wa Apple watalitekeleza.

Udhibiti wa ubunifu, basi, una sura mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Sura ya kwanza ni kuweka masharti. Kituo cha televisheni hupokea filamu ya tangazo iliyokwisha tengenezwa, hupima urefu wake, huangalia kama ina matusi, kisha huirusha au huikataa. Mwenye duka aliyesema dirisha lisizibwe alifanya hivyo hivyo. Sura ya pili ni kushika brashi: mwenye ukuta anachora mwenyewe, na mwenye bidhaa anasimama kando akieleza anachotaka. Sharti likishaandikwa, wageni mia wanaweza kulifuata kwa wakati mmoja bila mwenye ukuta kutoka jasho. Brashi hushikwa na mkono mmoja kwa wakati mmoja.

Matokeo yalionekana upesi. Mwezi Juni 2010 Jobs alitangaza kwamba kampuni zimeahidi dola milioni 60 za matangazo kwa sehemu iliyobaki ya mwaka huo. Orodha ya waliotangulia ilikuwa na majina 17, yakiwemo Nissan, Unilever, Disney na Chanel. Mwezi Agosti gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba kwa sehemu kubwa ya Julai, mwezi wa kwanza wa huduma, ni Unilever na Nissan tu waliokuwa na matangazo yanayoonekana. Chanel ilikuwa imejitoa. Kutengeneza tangazo moja, mawakala walisema, kulichukua wiki 8 hadi 10, muda mrefu kuliko walivyozoea.

Wiki 8 zinaweza kuonekana chache kwa mtu anayejenga nyumba. Kwa tangazo ni nyingi. Duka linalotaka kuuza sare za shule haliwezi kusubiri hadi watoto wamekwisha kuingia darasani. Kwa mwenye bidhaa, muda ni sehemu ya kile anachokinunua.

Tuangalie sasa upande wa fedha, kwa uvumilivu. Habari za mwezi Aprili 2010 zilieleza kwamba Apple ingetoza senti moja ya dola kwa kila onyesho na dola 2 kwa kila mguso. Tuchukulie tangazo limeonyeshwa mara 1,000,000, na katika kila watu 100 amegusa mmoja. Maonyesho yatagharimu dola 10,000. Miguso ni 10,000, nayo itagharimu dola 20,000. Jumla ni dola 30,000. Kwa mkataba wa iAd, asilimia 60 ilikwenda kwa msanidi programu na asilimia 40 kwa Apple, yaani dola 18,000 na dola 12,000. Ni mgao mzuri kwa msanidi. Lakini kiwango cha chini cha kuingia kwenye kampeni kiliripotiwa kuwa dola milioni 1, na kwa kasi ya mfano wetu ingebidi tangazo lionyeshwe zaidi ya mara milioni 33 ili fedha hizo ziishe. Ni kampuni kubwa sana tu zinazoweza kuanzia hapo.

Unganisha sasa mambo hayo mawili, uchache wa matangazo na wingi wa nafasi. Msanidi ametenga ukanda wake, mtumiaji amefungua mchezo, programu inaomba tangazo, na jibu linakuja kwamba hakuna. Nafasi inayobaki tupu hailipi hata senti. Msanidi mwenye busara ataweka pembeni mtandao mwingine wa matangazo wa kujazia, na mtandao mkubwa uliokuwepo ulikuwa AdMob, ambao Google iliununua kwa dola milioni 750 katika mapatano yaliyotangazwa Novemba 2009. Matangazo ya AdMob hayakuwa na uzuri ule, lakini yalikuwepo. Hivyo udhibiti uliokusudiwa kumlinda mtumiaji ulimfikia msanidi katika sura ya kipato kilichokosekana, ingawa yeye hakushiriki kabisa katika mabishano kati ya Apple na mawakala.

Kwa maoni yangu Apple ilikuwa sahihi kuhusu ubora. Tangazo lililofunguka bila kumfukuza mtu mchezoni lilikuwa hatua ya kweli, na heshima ile kwa mtumiaji ingefaa kuigwa zaidi kuliko ilivyoigwa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ubora huletwa na mkono wa mwenye ukuta, ilhali ungeweza kuletwa na sharti lililoandikwa vizuri na zana nzuri aliyopewa mgeni.

Kampuni yenyewe ilielekea huko kidogo kidogo. Desemba 2010 ilitoa iAd Producer, programu ya kompyuta iliyowawezesha mawakala kujenga matangazo wenyewe kwa vipande vilivyokwisha kuandaliwa. Februari 2011 kiwango cha chini kikashuka hadi dola 500,000. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa dola 100,000, na sehemu ya msanidi ikapanda hadi asilimia 70. Mwishowe hata mtu mwenye dola 50 aliweza kuingia. Lakini mazoea ya soko hayasubiri. Mawakala walikuwa wameshajifunza njia nyingine, na walikuwa na lalamiko ambalo zana mpya haikuliondoa: Apple haikupenda kuwapa takwimu za kina kuhusu watu walioona matangazo yao. Msimamo huo, nauheshimu. Siri za mtu hazipaswi kuuzwa pamoja na ukanda wa kioo chake. Ila mwenye bidhaa asiyeruhusiwa kuchora wala kuhesabu anabaki na kazi moja tu, kulipa.

Januari 2016 Apple ilitangaza kwamba mtandao wa iAd ungefungwa mwisho wa Juni. Oktoba mwaka huo huo ilirudi na huduma nyingine, ikianzia Marekani, ndani ya duka lake la programu. Mtu akitafuta programu kwa kuandika neno, juu ya matokeo hutokea programu moja ambayo mwenyewe amelipia ionekane. Tangazo hilo hutengenezwa na mfumo kutokana na jina, alama, maelezo na picha ambazo msanidi alikuwa amekwisha kuziwasilisha dukani na Apple ikazikubali. Hapo hapana filamu ya kupiga wala mchezo wa kubuni. Kazi ya brashi imeondolewa kabisa, na huduma hiyo ipo hadi leo.