MTUKANAJI ALIYELIA NDANI YA DHORUBA

Kijana mwenzangu, huenda umeambiwa nyumbani kwamba we umeshindikana. Usiitupe karatasi hii. Soma kwanza habari za jamaa mmoja aliyeitwa John Newton.

1. ALIKOTOKA
Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1725. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuomba, lakini alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Baba alikuwa nahodha, mtu wa baharini, halafu akaoa mke mwingine. Akiwa na miaka 11 tu, John akaanza kusafiri melini na baba yake.

2. ALIVYOHARIBIKA
Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika jeshi la majini. Akatoroka, akashikwa, akachapwa mijeledi hadharani. Moyo ukawa jiwe! Akamtukana Mungu, akawaharibu na wenzake. Mwisho akajikuta Afrika Magharibi kwa mfanyabiashara wa watumwa. Huko aliugua, akanyimwa chakula, akadharauliwa kama mtumwa.

3. DHORUBA
Machi 1748 alikuwa akirudi kwao katika meli ya Greyhound. Dhoruba ikaipasua, maji yakaingia, mabaharia wakapiga pampu mpaka wakachoka kabisa. Yule mtukanaji akamlilia Mungu. Na meli ikafika Ireland.

4. USIDANGANYIKE!
Wengi huishia hapo wakisema haleluya. Ngoja kwanza. Baada ya machozi yale, Newton alirudi kwenye biashara ileile. Kuanzia mwaka 1750 hadi 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Juu anasoma Biblia na kuomba, chini Waafrika wamefungwa minyororo! Aliacha bahari mwaka 1754, tena kwa sababu ya ugonjwa wa ghafla. Mwaka 1764 akawa mchungaji huko Olney, akatunga wimbo wa Amazing Grace. Lakini ni mwaka 1788 ndipo alipoandika kijitabu cha kuilaani biashara ya watumwa na kukiri aibu yake mbele ya watu. Hesabu mwenyewe: miaka 40 tangu dhoruba! Machi 1807 Bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara hiyo. Newton akafa Desemba mwaka huohuo.

5. FUNDISHO
Kufiwa na mama kulimuumiza, lakini hakukumpa ruhusa ya kuuza watoto wa mama wengine. Kulia si kutubu. Kutubu ni kuacha. Neema ilimpokea Newton, ni kweli, ila watu aliowavusha bahari hawakurudi kwao. Ukichelewa kuacha, kuna mwingine anayelipa.

JIULIZE
(a) Ni uchungu gani wa utotoni ninaoutumia kama kisingizio?
(b) Nani anaumia leo kwa sababu sijaacha?

Rafiki, Yesu anakupokea jinsi ulivyo. Usingoje dhoruba, na usingoje miaka 40. Soma Luka sura ya 15, piga magoti hapohapo ulipo, mwambie Bwana kila kitu. Halafu inuka, uache. Leo!