SOMO LA TISA: SIKU MOJA KWA JUMA

1. Kuandikishwa ni mwanzo

Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Januari, wazazi wa Handeni na Korogwe huandikisha watoto wao darasa la kwanza. Mzazi hutaja jina la mtoto, siku aliyozaliwa na kitongoji chake. Mwalimu huandika. Mzazi hurudi nyumbani akiwa na furaha.

Mzazi huyo amefanya jambo jema. Lakini kazi yake haijaisha. Kuandikisha mtoto ni kama kupanda mahindi. Mkulima aliyepanda asipalilie hawezi kutazamia mavuno mazuri. Palizi ya elimu ni mahudhurio. Mahudhurio ni kwenda shule kila siku ya masomo.

2. Tulikotoka

Zamani watoto wengi hawakupata nafasi ya kusoma. Shule zilikuwa chache. Watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya 6 zilichaguliwa kuanza kampeni ya kufuta ujinga. Wilaya moja kati ya hizo ilikuwa Pangani, majirani zetu katika Mkoa wa Tanga.

Kisha ikafika zamu ya watoto. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi. Vijiji vilijenga madarasa kwa nguvu zao wenyewe. Mwaka 1974 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa kama milioni 1 na laki 2. Mwaka 1980 walizidi milioni 3.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka wajibu huo katika maandishi. Sheria hiyo haikusema tu mtoto aandikishwe. Ilisema pia kwamba mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule mpaka amalize.

Safari haikuwa rahisi. Katika miaka ya 1980 wazazi walianza tena kulipa ada, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Watoto wengi wakaandikishwa tena.

Basi, mlango wa shule umefunguliwa. Swali ni hili: je, mtoto anaingia kila siku?

3. Mzazi na mwalimu

Tufikirie mzazi mmoja wa kijiji cha Handeni. Binti yake yuko darasa la tano. Siku moja binti anarudi na karatasi ya mtihani wa hesabu. Hesabu zote za kugawanya amekosa. Baba anakasirika. Anakwenda shuleni.

"Shikamoo, baba," anasema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuuliza. Binti yangu yuko darasa la tano, lakini hajui kugawanya. Mnafundisha nini hapa?"

"Karibu ukae, baba. Tutazame pamoja daftari la mahudhurio."

Mwalimu anafungua daftari. Baba amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Analitafuta jina la binti yake mwenyewe, kwa kidole. Analiona. Mbele ya jina kuna alama za kila siku.

"Hii alama ni ya nini?" anauliza.

"Ni ya siku ambayo hakuja."

Baba anahesabu. Juma la kwanza, alama moja. Juma la pili, alama moja. Juma la tatu, moja tena. Zote ziko siku ya Jumatano.

Baba ananyamaza. Jumatano ni siku ya gulio. Siku hiyo mama hupeleka mahindi na machungwa gulioni. Binti hubaki nyumbani kumlea mdogo wake.

"Lakini, mwalimu, ni siku moja tu kwa juma. Binti yangu hajaacha shule."

"Kweli, baba, hajaacha. Hebu tufanye hesabu."

4. Hesabu ya siku moja

Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Kila juma lina siku 5 za masomo. Ukigawanya 194 kwa 5, unapata karibu majuma 39.

Mtoto akikosa siku 1 kila juma, kwa mwaka anakosa siku 39.
Kwa miaka 2 anakosa siku 78.
Kwa miaka 3 anakosa siku 117.
Kwa miaka 4 anakosa siku 156.
Kwa miaka 5 anakosa siku 195.

Siku 195 ni zaidi ya mwaka mzima wa shule. Kwa hiyo mtoto huyo amefika darasa la tano, lakini amesoma miaka minne tu.

Tena hasara haiishii hapo. Masomo hufuatana kama vidato vya ngazi. Mwalimu alianza kufundisha kugawanya siku ya Jumatano. Siku ya Alhamisi aliendelea mbele. Binti alirudi, akakuta wenzake wamekwisha kupanda kidato kimoja. Alipokosa mara nyingi, alianza kuona aibu. Mtoto anayeona aibu darasani huweza kuacha shule kabisa. Utoro mwingi huanza hivyo, kidogo kidogo.

5. Tufanyeje?

Wazazi hawawazuii watoto kwa ubaya. Kazi za nyumbani ni nyingi. Mahindi yakikomaa, nyani huingia shambani. Wakati wa kiangazi maji huwa mbali. Mifugo inataka mchungaji. Katika sehemu za mkonge vijana huvutwa na vibarua. Tukipanga kazi zetu vizuri, mtoto atasoma na kazi zitafanyika.

(a) Majirani wawili wapeane zamu siku ya gulio. Juma hili mmoja auze mali za wote wawili, na mwenzake alee watoto. Juma lijalo wabadilishane.

(b) Watu wazima wagawane zamu ya kulinda mashamba asubuhi. Watoto wasaidie baada ya masomo na siku ya Jumamosi.

(c) Maji yachotwe jioni kwa ajili ya kesho yake.

(d) Jando na unyago vifanywe wakati wa likizo.

(e) Watoto wanaotoka vitongoji vya mbali watembee pamoja. Wakati wa mvua, mtu mzima awavushe mtoni.

(f) Kamati ya shule na wazazi wapatane juu ya uji wa saa nne. Mtoto mwenye njaa hasikii somo.

(g) Mzazi aende shuleni kila mwezi, alisome daftari la mahudhurio mwenyewe. Aulize pia kama walimu wanahudhuria. Mtoto akifika, akamkosa mwalimu, siku hiyo nayo imepotea.

Baba wa yule binti alirudi nyumbani. Alimweleza mkewe ile hesabu ya siku 195. Mama aliweka chini kapu la machungwa, akasema, "Kumbe tulikuwa tunauza na masomo ya mtoto." Jioni ile alikwenda kwa jirani kupanga zamu.

MASWALI

1. Mkutano wa Musoma wa mwaka 1974 uliamua nini?
2. Kwa nini binti alikosa hesabu zote za kugawanya?
3. Mtoto akikosa siku 2 kila juma, atakosa siku ngapi kwa mwaka mmoja?
4. Katika kijiji chako, watoto hukosa shule zaidi wakati gani? Kwa nini?

ZOEZI

Chora mistari katika daftari lako. Andika majina ya watoto wa nyumbani kwako. Kwa muda wa mwezi mmoja, tia alama kila siku mtoto anapokwenda shule. Mwezi ukiisha, hesabu alama, kisha ulete daftari darasani tuzungumze.